Kufunga taa za ziada za gari kwa rilei na rimoti: mwongozo kamili

Jozi ya taa za halojeni za wati 55 kila moja inakula wati 110, yaani zaidi ya ampea 9 kwenye gari la volti 12. Ukipitisha umeme huo wote kwenye waya mwembamba mpaka swichi ya dashibodi kisha ukaurudisha mbele, swichi inapata moto, plastiki yake inalainika, na taa zenyewe zinawaka kwa uvivu. Rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, inaliondoa tatizo hili kwa kutenga njia mbili. Njia ya kwanza ni nene na fupi: betri, fyuzi, rilei, taa. Ya pili ni nyembamba na inabeba amri tu, chini ya robo ya ampea. Rimoti ni ya njia hii ya pili, na haitakiwi kuvuka kwenda ya kwanza hata kama kipokezi chake kimeandikwa kinabeba ampea 10. Uzi wa halojeni ukiwa wa baridi huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida pale tu unapowashwa, na taa za LED nazo huvuta kwa ghafla zikijaza kapasita zake (vihifadhi umeme vya ndani). Kiguso kidogo cha kipokezi kinaganda siku moja na taa hazizimiki tena.

Namba za rilei

Rilei ya kawaida ya gari ni ule mchemraba mweusi wenye pini nne au tano, na kila pini ina namba yake. 30 inapokea umeme wa betri uliopita kwenye fyuzi. 87 inapeleka kwenye taa. 85 na 86 ni ncha mbili za koili, yaani upande wa amri. Kwenye rilei nyingi za pini tano, pini ya katikati ni 87a, ambayo imeshikana na 30 wakati rilei imelala. Taa zikifungwa hapo zitawaka pale ambapo hukuziamuru. Kwa kazi hii 87a haitumiki, lakini ina umeme muda wote rilei ikiwa imelala, kwa hiyo usiiache uchi mahali inapoweza kugusa bati. Zipo pia rilei za pini tano zenye 87 mbili badala ya 87a, kwa hiyo soma mchoro uliochapwa ubavuni kabla ya kuunganisha.

Kabla ya kuifunga, ipime mezani. Weka multimita kwenye omu kati ya 85 na 86: koili ya volti 12 kwa kawaida inasoma kati ya omu 70 na 100 hivi. Ikisoma omu mia tatu na kitu, hiyo ni ya volti 24 na haitavuta kwenye gari dogo. Kisha ipe koili umeme wa betri. Utasikia mlio mkavu wa "tak", na multimita kati ya 30 na 87 ishuke karibu na sifuri. Mlio ukisikika halafu usomaji ukawa wa kuyumbayumba, viguso vimechakaa, itupe.

Baadhi ya rilei zina dayodi ndani, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na mchoro wake unaonyesha alama ya pembetatu kando ya koili. Hizo zinataka chanya kwenye 86 na hasi kwenye 85. Ukizigeuza, dayodi inakuwa shoti ya moja kwa moja na fyuzi ya amri inakatika, au kipokezi kinaungua kabla fyuzi haijawahi. Rilei zenye rezista badala ya dayodi hazijali upande. Isiyokuwa na kimojawapo iongezee dayodi ya 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari wa fedha ukielekea 86. Sababu ni kwamba koili ikikatiwa umeme inarusha mshtuko unaoweza kupita volti 100, na mshtuko huo ndio unaotafuna viguso vya kipokezi kidogo kidogo.

Hesabu kabla ya kununua waya

Gawa wati kwa volti upate ampea. Kisha chagua fyuzi iliyo juu kidogo ya hapo, na waya unaobeba zaidi ya fyuzi. Fyuzi inalinda waya, si taa. Waya ukiwa dhaifu kuliko fyuzi, siku ya shoti waya ndio unaogeuka fyuzi, na moto unaanzia ndani ya boneti.

Kwa halojeni mbili za wati 55, weka fyuzi ya ampea 15. Kwa LED mbili zinazokula kweli wati 36 kila moja, ampea 10 inatosha. Taa ndefu ya LED ya wati 180 inavuta ampea 15, ipe fyuzi ya 20. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba unafaa kwa zote tatu kwa umbali wa kawaida wa kutoka betri hadi bampa. Ukienda juu ya paa, au ukikaribia ampea 30, panda hadi milimita 4 za mraba. Waya wa amri uwe wa 0.75 au 1.

Neno "kweli" hapo juu lina uzito. Wati zilizochapwa kwenye boksi la LED za bei ya chini mara nyingi si zile zinazoliwa. Ziwashe moja kwa moja kwenye betri, multimita ikiwa katikati kwenye kipimo cha ampea 10, usome mwenyewe, taa moja moja. Taa ya wati 180 usiipime hivi, maana ampea zake 15 zinazidi kipimo hicho.

Unene wa waya unaonekana kwenye mwanga. Mita 4 za waya wa milimita 1 ya mraba zina ukinzani wa omu 0.07. Ukipitisha ampea 10 unapoteza volti 0.7 njiani, bado hujahesabu viungio na ethi (njia ya hasi inayopita kwenye bodi ya gari). Waya wa 2.5 unapoteza chini ya volti 0.3 kwa umbali huohuo. Kwa halojeni, volti zikipungua kwa asilimia 10 mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Watu wengi wanaolalamika taa zao ni hafifu wana taa nzima na waya mbovu.

Kuna jambo moja la kuangalia ukinunua waya: upo uliotengenezwa kwa alumini na kupakwa shaba juu. Kwa macho ni mwekundu uleule. Chukua uzi mmoja uukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, huo ni alumini. Unabeba umeme kidogo kuliko shaba ya unene huohuo, unakatika kwa mtikisiko, na unaoza haraka penye maji ya chumvi. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Hiyo ni bora kuliko zote.

Kwa lori la volti 24, ampea zinapungua nusu kwa wati zilezile, lakini koili ya rilei, kipokezi na taa vyote lazima viwe vya volti hizo.

Vifaa

- rilei moja ya ampea 30 au 40, na kikalio chake chenye waya
- kishikio cha fyuzi kisichoingiza maji, na fyuzi mbili za akiba
- vishikio viwili vidogo vyenye fyuzi za ampea 3, kimoja cha amri na kimoja cha kipokezi
- waya wa 2.5 mwekundu na mweusi, mita 5 kila rangi, na wa 0.75 mita 6
- lagi za pete (vichwa vya waya vya kufungia kwa boliti) za boliti ya milimita 6 na 8, na vichwa bapa vya kike vya milimita 6.3
- mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani
- bomba la plastiki lenye mikunjo, vifungo vya plastiki, mpira wa kuvalisha tundu
- kipokezi na rimoti yake
- swichi ndogo ya dashibodi

Swichi ya dashibodi si ya kupuuzwa eti kwa sababu rimoti ipo. Rimoti ikipotea, betri yake ikiisha, au kipokezi kikigoma taa zikiwa zinawaka, unahitaji mkono wako uweze kuzizima ukiwa umekaa kwenye usukani. Iweke kwenye mstari mmoja na kipokezi, ili ikizimwa hakuna amri inayopita.

Kipokezi cha rimoti

Tafuta chenye skrubu tatu za kutolea: COM (ya pamoja), NO (haishikani na COM mpaka iamriwe) na NC (imeshikana na COM mpaka iamriwe). Hicho ni swichi tupu isiyotoa umeme wake yenyewe, na kinakupa uhuru wa kuamua amri itoke wapi. Utatumia COM na NO. NC inabaki bila waya. Vipo vingine vinavyotoa volti 12 moja kwa moja kwenye waya mmoja. Vinafanya kazi kwa taa za kazi, lakini vinakunyima ufungaji wa fulu (mwanga wa mbali wa taa kubwa) utakaoelezwa hapa chini.

Vipokezi hivi vina namna tatu za kufanya kazi. Ya kwanza, taa inawaka ukiwa umebonyeza tu. Ya pili, kitufe kimoja kinawasha na kuzima kwa zamu. Ya tatu, kitufe kimoja kinawasha na kingine kinazima. Kwa gari chagua ya tatu. Kwenye ya pili, ukibonyeza ukiwa mbali na ishara ikakatika katikati, hujui kama umewasha au umezima. Namna huchaguliwa kwa idadi ya kubonyeza kitufe cha kufundishia kabla ya kubonyeza rimoti, na idadi hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo karatasi yake usiitupe. Futa kwanza kumbukumbu za zamani, kisha fundisha. Fanya haya yote mezani, si ukiwa umeinama chini ya dashibodi na tochi mdomoni.

Mezani hapohapo jaribu jambo lingine: washa kwa rimoti, kata umeme wa kipokezi, urudishe. Kipokezi kizuri kinarudi kikiwa kimezima. Kinachorudi kikiwa kimewasha kitakuwashia taa kila unapozungusha ufunguo.

Masafa yake ni megahezi 433.92 au 315, na antena ya waya inapaswa kuwa robo ya wimbi: sentimita 17.3 kwa 433.92, sentimita 23.8 kwa 315. Waya huo unyooke. Ukiukunja ukaubana kwa kifungo cha plastiki ili upendeze, mita 50 zinageuka 5. Na kipokezi kinachopumzika kinaendelea kunywa umeme. Kwa miliampea 5 tu kinamaliza ampea-saa 3.6 kwa mwezi, ambazo betri nzima inazimudu lakini iliyozeeka inazisikia. Kilishe kutoka kwenye umeme wa aksesari, unaokatika ufunguo ukitolewa, isipokuwa unataka kabisa kuwasha taa za kazi gari likiwa limefungwa.

Amri itoke wapi

Hapa ndipo ufungaji mwingi unapoharibika, kwa hiyo tulia.

Taa za kumulikia mbali barabarani zinatakiwa kuwaka pamoja na fulu na kuzimika unapodimu, kwa sababu zinampofusha anayekuja mbele yako. Sheria za nchi nyingi zinataka hivyo, na hata pasipo sheria, dereva aliyepofuka anakuja upande wako. Kwa hiyo chukua chanya ya waya wa fulu, ipitishe fyuzi ya ampea 3, kisha swichi ya dashibodi, kisha COM ya kipokezi. Itoke NO iende 86. 85 iende ethi. Sasa rimoti inatoa ruhusa tu, na fulu ndiyo inayowasha. Ukidimu, taa zinazima bila kusubiri mtu kubonyeza.

Taa za kazi, za nyuma au za ubavuni, zinafungwa vilevile, ila amri inatoka kwenye umeme wa aksesari badala ya fulu, au wa betri kama unataka ziwake gari likiwa limefungwa.

Kabla ya kuukata waya wowote wa fulu, pima. Magari mengine, yakiwemo baadhi ya Toyota, yanawasha taa za mbele kwa kukatia na kurudishia upande wa hasi. Weka waya mweusi wa multimita kwenye bodi, na mwekundu kwenye pini ya fulu nyuma ya balbu ya H4 (ile ya pini tatu: fulu, dimu na ya pamoja), balbu ikiwa mahali pake. Ukisoma volti 12 kwenye fulu na sifuri kwenye dimu, gari ni la kawaida. Ukisoma karibu sifuri kwenye fulu na volti 12 kwenye dimu, gari ni la hasi. Ukilifunga kwa njia ya kawaida, taa zako zitawaka ukidimu na kuzima ukiweka fulu. Dawa yake ni hii: chukua chanya kwenye pini ya pamoja ya balbu hiyohiyo, ipitishe fyuzi, swichi na kipokezi hadi 86, halafu 85 iende kwenye waya wa fulu badala ya ethi. Chanya usiichukue mahali pengine. Ukiichukua kwenye aksesari, umeme unaweza kurudi kinyumenyume kupitia koili na uzi wa balbu ukaingia kwenye saketi ya taa iliyozimwa.

Kwenye magari ambayo kompyuta inatuma umeme wa taa kwa mapigo ya harakaharaka, rilei inanguruma kama nyuki badala ya kuvuta. Hapo usichukue amri kwenye balbu. Tumia kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kusoma ishara ya gari hilo.

Kufunga

1. Toa nguzo ya hasi ya betri kwanza.

2. Funga taa kwenye bampa au fremu, usikaze mwisho, zitahitaji kulengwa.

3. Chagua mahali pa rilei: karibu na betri, mbali na bomba la moshi, na pini zikitazama chini. Ikiangalia juu, maji yanajikusanya ndani ya kikalio na pini zinaota ukoga wa kijani.

4. Vuta waya mwekundu wa 2.5 kutoka chanya ya betri hadi 30. Kishikio cha fyuzi kiwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, na kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyopata nafasi ya kusuguana na bati. Fyuzi yenyewe usiitie bado.

5. Kutoka 87 vuta waya hadi katikati ya taa mbili, ugawe hapo.

6. Ethi ya taa: kwangua rangi mpaka bati ling'ae, ukubwa wa sarafu. Weka lagi, washa (pete bapa ya chuma) yenye meno, boliti, kaza. Halafu paka grisi juu ya kiungio kizima ili kutu isirudi. Boliti iliyokaa juu ya rangi inaweza kufanya kazi wiki mbili na kukuangusha usiku wa mvua. Kama kwenye nguzo ya hasi ya betri kuna kisanduku kidogo chenye waya wa ishara, hicho kinapima umeme unaotoka. Ethi zako zifunge kwenye bodi, si kwenye nguzo.

7. Waya za amri zipitishe ukuta wa injini kwenye tundu lenye mpira. Bati la tundu tupu ni kisu. Waya za manjano chini ya dashibodi mara nyingi ni za mifuko ya hewa. Usizitoboe wala usizipime.

8. Kipokezi kiweke ndani ya dashibodi, kwenye plastiki, mbali na bati na mbali na waya nene za taa.

9. Kila kichwa cha waya kibane kwa koleo lake lenye meno ya kukamata, kisha kivute kwa nguvu ya mkono. Kikichomoka, afadhali kichomoke sasa. Risasi ya kulehemu peke yake haifai sehemu zinazotikisika, maana waya unakakamaa na kukatika pale risasi inapoishia.

10. Zifunike waya kwa bomba la mikunjo, zifunge kila sentimita 20, rudisha betri, kisha tia fyuzi kuu mwishoni.

Kupima

Usiridhike kwa kuona zinawaka. Taa zikiwa zinawaka na injini inanguruma, weka multimita kwenye volti: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya taa. Isizidi volti 0.5. Kisha hasi ya taa na hasi ya betri: isizidi 0.2. Ikizidi upande wa chanya, sogeza ncha kidogo kidogo kuelekea betri mpaka uone namba imeporomoka. Kiungio ulichokiruka ndicho kibovu. Baada ya dakika 10 gusa fyuzi, kikalio cha rilei na lagi. Uvuguvugu sawa, kinachokuchoma vidole kina kiungio kilicholegea.

Zikigoma

Rilei ikilia "tak" na taa hazipo, amri ni nzima. Angalia fyuzi kuu, umeme kwenye 30, halafu ethi ya taa. Isipolia, pima 86 ikiwa imeamriwa. Pakiwa na volti 12 hapo, tatizo ni 85 au koili. Pasipokuwepo, rudi nyuma kwa mpangilio: NO, COM, swichi, fyuzi ya amri.

Taa zisipozima, chomoa rilei. Zikizima, igongegonge, viguso vikiachia, viliganda, na rilei hiyo haifai tena. Zisipozima hata rilei ikiwa mkononi, umeme unavuka mahali waya ulipochubuka.

Ugonjwa unaowachanganya wengi ni huu: rimoti inawasha vizuri ukiwa mbali, lakini haizimi mpaka ukaribie kabisa. Watu wanabadilisha betri ya rimoti, kisha rimoti, kisha kipokezi. Kosa liko kwenye taa. Saketi ya ndani ya LED isiyochujwa vizuri hutoa kelele ya redio inapowaka, na kelele hiyo inakizibia kipokezi masikio. Thibitisha kwa kuchomoa waya wa taa na kuacha rilei peke yake: ikiwasha na kuzima toka mbali bila shida, umepata. Redio ya FM inayokwaruza taa zikiwaka ni dalili ileile. Sogeza kipokezi mbali na taa na waya zake, sokota pamoja chanya na hasi za taa, na vika pete za feraiti (zinazozuia kelele ya redio) kwenye waya karibu kabisa na kila taa, waya ukipita ndani ya pete mara mbili au tatu. Isipotosha, badilisha taa. Kipokezi kipya kitakuwa kiziwi vilevile.